Kwenda Ulaya na kurudi Marekani kwa meli: mwongozo wa asiyetaka ndege ndefu

Meza yangu ya tiketi iko Malindi ya Unguja, karibu na gati. Riziki yangu ni boti za Dar na Pemba. Lakini tangu nimpangie mama yangu mdogo safari ya meli kutoka Marekani kuja Ulaya, mwezi hauishi bila mtu kunijia na suala lile lile: "Bi mkubwa yuko Marekani, ndege ndefu haiwezi, na sisi tunataka tuonane naye Uingereza. Atakujaje? Na atarudije?" Nimechoka kurudia majibu kwa sauti za WhatsApp usiku wa manane. Nimeyaandika hapa yote, msome.

Nianze na linalovunja watu moyo. Meli hiyo haitamleta mpaka Unguja. Meli kubwa za watalii tunaziona zikija, zikitia nanga siku moja na kuondoka, lakini hizo hazipakii abiria njiani kama boti ya Mkoani. Linalowezekana ni kuikata safari. Atlantiki avuke kwa meli, halafu ama nyinyi mumfuate Ulaya, ama yeye apumzike wiki mbili tatu kisha amalizie kwa ndege ya moja kwa moja mpaka Kisauni, uwanja wetu wa ndege hapa Unguja. Kutoka Ulaya hiyo ni kama saa nane au tisa hewani, ukilinganisha na saa ishirini na zaidi za kutoka Marekani na mabadiliko ya ndege katikati.

Mama mdogo aliwahi kuganda damu mguuni, na daktari wake hakutaka akae kitako saa nyingi mfululizo. Wengine wanaogopa ndege tu. Wengine masikio. Sababu yoyote iwayo, mpango ni mmoja.

UWE NA NINI KABLA YA KUANZA

Pasipoti ambayo ina angalau miezi sita mbele baada ya siku ya kurudi. Karatasi zote za ukaazi wa Marekani, kama msafiri si raia. Orodha ya dawa zake kwa majina ya kitaalamu, si "kile kidonge cheupe". Kalenda ya mwaka mzima ya ukutani, na kalamu ya wino mwekundu, maana utahesabu siku. Kadi ya benki inayolipa kwa dola. Na muda: miezi kumi kabla ni vizuri, sita ni ya kukimbizana, mitatu ni ya kubahatisha.

HATUA KWA HATUA

1. Anza na kurudi.

Hapa ndipo wanapokwama wengi, na mimi nilikuwa wa mwanzo. Nilimwonea mama mdogo nauli nzuri mno, mwezi wa Aprili, kutoka Florida hadi Barcelona. Nikailipia siku ile ile, nikajiona mjanja. Nilipotafuta ya kumrudisha mwezi wa Juni, hakuna. Julai, hakuna. Akanipigia simu: "Mwanangu, umenipeleka, sasa nani atanirudisha?"

Mtu wa pwani hakupaswa kukosea hapa. Babu zetu waliona majahazi ya Arabuni yakija na upepo wa kaskazi na kuondoka na upepo wa kusi. Hakuna nahodha aliyekwenda kinyume kwa sababu abiria wake ana haraka. Meli hizi za starehe nazo zina kaskazi na kusi yao. Wakati wa baridi zinazunguka visiwa vya Karibi. Ikifika Aprili na Mei nyingi zinahama kuelekea Ulaya, hasa Mediterania, kutumikia majira ya joto. Oktoba na Novemba zinarudi. Kwa hiyo safari za kuhama zipo kwa wingi, tena kwa bei ya chini ukigawa kwa siku, lakini kila msimu zinakwenda upande mmoja tu. Kati ya Juni na Septemba ni adimu, utahangaika sana.

2. Ijue meli ambayo haifuati msimu huo.

Ni Queen Mary 2 ya kampuni ya Cunard. Ilianza kazi Januari 2004, na ndiyo pekee leo iliyojengwa hasa kwa kuvuka Atlantiki na kufanya hivyo kwa ratiba ya kawaida, New York na Southampton, kwenda na kurudi, kwa kawaida masiku saba. Kule New York inafunga gati Brooklyn, si Manhattan, basi mwambie dereva wa teksi mapema. Baadhi ya safari zake zinaendelea hadi Hamburg. Angalizo: miezi ya mwanzo ya mwaka kwa kawaida huwa imekwenda kuzunguka dunia, hivyo usimwahidi mtu kuwa atavuka nayo Februari.

Mtu akishangaa kwamba mzee wa Kizanzibari avuke Atlantiki kwa chombo, mkumbushe Sultana, merikebu ya Sayyid Said, iliyong'oa nanga hapa na kutia nanga New York tarehe 30 Aprili 1840, ndani yake mjumbe wake Ahmad bin Na'aman, tende na karafuu. Na ilirudi, mwaka ule ule. Hawakuwa na chumba chenye balkoni.

3. Chagua mpango wa safari nzima.

Kwa uzoefu wangu kuna mipango minne inayofanya kazi:

Queen Mary 2 kote kuwili. Ndio mwepesi kuliko yote. Unachagua wiki ngapi akae Uingereza, unanunua kwenda na kurudi.

Kugeuka nayo. Anakwenda, meli inafunga Southampton asubuhi, inaondoka jioni, naye anarudi nayo. Masiku kumi na nne au zaidi kidogo. Unafaa kwa anayetaka kukaa baharini tu, au familia inayoishi Southampton na inaridhika na chakula cha mchana pamoja. Simpendekezei mtu anayetaka kuona wajukuu.

Meli ya kuhama kwenda, Queen Mary 2 kurudi. Ndio uliomwokoa mama mdogo. Aliteremka Barcelona mwisho wa Aprili, akapanda treni mpaka Paris, akapita chini ya bahari hadi London, akarudi kutoka Southampton mwezi wa Juni. Tatizo ni kwamba aliondoka Florida na kurudi New York. Treni ya kutoka New York hadi Miami inachukua zaidi ya siku nzima, na hiyo nauli sikuwa nimeihesabu.

Meli za kuhama kote kuwili, Aprili kwenda na Oktoba kurudi. Nauli ndogo kuliko zote, na ndio wenye mtego mkubwa kuliko yote. Soma hatua ya nne kabla hujalipa hata senti.

4. Hesabu siku za Schengen kwa wino mwekundu.

Schengen ni nchi nyingi za Ulaya, Uhispania, Ufaransa na Italia zikiwemo, zinazohesabiwa kama mpaka mmoja. Raia wa Marekani anaingia nchi hizo bila viza, lakini asizidishe siku 90 ndani ya kila siku 180. Mwenye viza ya utalii naye kanuni ni hiyo hiyo. Akiteremka Barcelona tarehe 1 Mei, siku yake ya tisini ni 29 Julai. Meli ya kurudi ni mwisho wa Oktoba. Miezi mitatu hiyo akae wapi?

Jibu ni nje ya Schengen. Uingereza haimo, na mgeni wa kawaida huruhusiwa kukaa hadi miezi sita. Kwa hiyo akishuka Barcelona, akae siku kumi, avuke Uingereza kwa jamaa mpaka katikati ya Oktoba, kisha arudi Uhispania au Italia wiki mbili kabla ya meli. Siku zake za Schengen hazifiki hata thelathini. Uturuki na Morocco nazo ziko nje, kwa anayetaka kutembea.

Siku ya kuingia inahesabiwa, na siku ya kutoka inahesabiwa pia. Visiwa vya Azores na Madeira, ambako meli nyingi za kuhama hupumzika, ni Ureno, basi hesabu inaanzia hapo, si Barcelona.

5. Viza, kwa aina ya pasipoti.

Raia wa Marekani au Kanada: kwa Uingereza anahitaji kibali cha mtandaoni kiitwacho ETA, hata kama anaingia kwa meli. Huombwa kwa simu, hakina tabu.

Mwenye pasipoti ya Tanzania na kadi ya kijani ya Marekani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu: hapa watu wanajidanganya sana. Kadi ya kijani inakuruhusu kurudi Marekani. Haikufungulii Uingereza wala Schengen kwa matembezi. Anahitaji viza ya mgeni ya Uingereza, na ya Schengen kama meli inagusa bandari ya Schengen, na kampuni ya meli itamkatalia gatini Florida kama hana. Ombi la Schengen halipokelewi zaidi ya miezi sita kabla ya safari, wala lisichelewe chini ya siku kumi na tano. Omba ya kuingia mara nyingi. Ukipewa ya mara moja, kisha ukatoka kwenda London, hurudi tena Barcelona kupanda meli.

Huyu huyu wa kadi ya kijani asikae nje ya Marekani zaidi ya miezi sita bila kujipanga, maana atahojiwa akirudi, na akipitisha mwaka bila kibali maalumu cha kurudi anaweza kupoteza ukaazi. Mpango wa Aprili hadi Novemba unapita miezi sita. Nimeona watu wanahesabu siku za Schengen vizuri wakasahau hili.

Aliye Unguja na anataka kwenda kwa watoto Marekani kwa njia hii, yaani ndege mpaka Uingereza kisha meli: utahitaji viza ya Marekani kamili na ya Uingereza pia. Kuingia kwa meli hakupunguzi karatasi hata moja.

6. Chagua chumba kwa tumbo, si kwa macho.

Kila mtu anataka balkoni. Aliyepanda boti ya Pemba wakati wa kusi, akakaa mbele kwenye mkondo wa Nungwi, anajua ninachosema: omo, yaani mbele, inapanda na kushuka, tezi, yaani nyuma, inatetemeka, katikati kumetulia. Chukua chumba cha katikati ya meli, sitaha za chini. Cha ndani kisicho na dirisha ni rahisi zaidi na usingizi wake ni mzito, ila kwa mtu mwenye wasiwasi wa kufungiwa, ongeza pesa apate dirisha. Atlantiki ya kaskazini ina baridi. Kwenye balkoni hiyo atakaa dakika kumi.

Angalia juu na chini ya chumba kwenye ramani ya meli. Usimweke mzee chini ya ukumbi wa muziki.

Anayetumia kiti cha magurudumu: vyumba vyenye milango mipana ni vichache na huisha mwanzo kabisa. Hiyo peke yake ni sababu ya kuanza miezi kumi kabla.

7. Piga hesabu ya pesa yote, si nauli.

Nauli unayoiona ni ya mtu mmoja ndani ya chumba cha watu wawili. Akisafiri peke yake, mara nyingi atalipia na kitanda kitupu, wakati mwingine mara mbili kamili. Ndiyo maana namtafutia kila mzee mwenzake.

Kisha kuna ada ya huduma kila siku, kwenye meli nyingi dola 15 hadi 20 kwa kila mtu. Watu wawili, masiku kumi na nne, kwa dola 17, ni dola 476 ambazo hazikuwamo kichwani mwako. Weka pia intaneti ya meli, hoteli ya usiku wa kuamkia safari, treni, viza, na bima. Chakula kimo ndani ya nauli. Soda mara nyingi haimo.

Kwa kawaida unaweka amana, na kilichobaki hulipwa kama miezi mitatu kabla. Baada ya hapo ukighairi, pesa inakatwa kidogo kidogo mpaka inaisha. Kwa hiyo viza iwe imeshatoka kabla ya tarehe hiyo.

8. Bima na daktari.

Meli ina daktari na zahanati, lakini katikati ya Atlantiki helikopta haifiki, na matibabu ya melini yanalipiwa kama hospitali binafsi. Bima iseme wazi kwamba inahusu safari ya bahari na kusafirishwa mgonjwa, na maradhi aliyonayo yatajwe. Mjamzito kwa kawaida hapakiwi akiwa amefika wiki ya 24. Dawa ziwe za siku zote za safari na wiki mbili juu yake, kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku wanalolipokea gatini.

9. Waambie kuhusu chakula na sala mapema.

Halali iombwe wakati wa kukata tiketi, kwa maandishi, kisha aikumbushe siku ya kwanza kwa mkuu wa wahudumu wa ukumbi wa chakula. Meli haiwezi kununua nyama ikiwa katikati ya bahari. Wakikataa au wakijibu nusu nusu, samaki, mayai na mboga ni tele, hatolala na njaa.

Sala: yeye ni msafiri, kuna kupunguza na kukusanya, na hilo linamrahisishia sana. Kibla kinahama meli inapokwenda. Dira ya kawaida inababaishwa na chuma cha meli. Programu ya simu inayotumia satelaiti itamwonyesha meli ilipo, lakini dira ya simu nayo inababaishwa na chuma, basi aijaribu akiwa sitahani.

10. Elewa saa.

Akienda Ulaya, saa zinasogezwa mbele saa moja karibu kila siku. Kwenye Queen Mary 2 hufanya hivyo mchana: saa sita ikifika inakuwa saa saba. Sala ya adhuhuri na chakula vinakaribiana ghafla. Akirudi Marekani ni kinyume, anaongezewa saa usiku na analala vizuri. Ndiyo maana wengi wanaipenda safari ya kurudi kuliko ya kwenda. Kwa anayemeza dawa kwa saa, hasa ya sukari, aulize daktari wake jinsi ya kusogeza kabla hajaondoka.

11. Fungasha.

Uzuri wa meli ni kwamba hakuna mtu wa kukupimia kilo 23. Lakini udi na chetezo viache nyumbani: uvumba, mishumaa, pasi na birika la umeme ni marufuku chumbani, na wakiviona wanavichukua. Nyama kavu na bidhaa za maziwa haziingii Ulaya. Matunda mabichi asiteremke nayo Marekani. Nguo za baridi, na kanga mbili tatu. Viatu vya mpira visivyoteleza.

12. Fika bandarini siku moja kabla.

Sio asubuhi ile ile. Meli haingoji, na inayofuata iko wiki kadhaa mbele.

MAKOSA NINAYOYAONA KILA MARA

Kununua kwenda peke yake. Nimeshasema, narudia.

Kuchanganya safari ya mzunguko na safari ya kuvuka. Tiketi iliyoandikwa kwenda na kurudi Miami inaweza kuwa mzunguko wa Karibi wa siku saba, haigusi Ulaya kabisa. Soma majina ya bandari, si picha.

Kupanga harusi au miadi ya hospitali siku ya kuteremka. Acha siku mbili.

Kuacha simu wazi baharini. Meli ina mtandao wake wa simu na bei yake inaumiza. Aiweke simu katika hali ya ndege, ndiyo, ndani ya meli, kisha awashe intaneti ya meli peke yake.

YAKIKWAMA

Kigegezi na kutapika: vidonge anywe kabla bahari haijachafuka, si baada. Tangawizi inasaidia wengi, ndimu ya kunusa pia. Asibaki chumbani amejifungia. Akae katikati ya meli, chini, au sitahani akitazama mstari wa mbali. Ikizidi siku moja, aende kwa daktari wa meli.

Meli imeruka bandari: Azores hurukwa mara kwa mara hali ya hewa ikiwa mbaya, na mkataba unawaruhusu. Kwa hiyo usimpangie mtu kukutana naye kule.

Meli imechelewa kufika: hapo ndipo tiketi ya treni isiyobadilishwa inapokuuma. Kutoka Southampton mpaka London Waterloo ni kama saa moja na dakika ishirini, na treni ni nyingi. Nunua inayobadilika, au nunua siku ile ile. Kutoka Civitavecchia, bandari ya Italia, mpaka Roma vivyo hivyo, kama saa moja.

Safari ya kurudi imefutwa: kampuni hurudisha pesa au hukuhamisha, lakini hailipi hoteli yako ya wiki tatu ukingoja. Tafuta kwanza Queen Mary 2 tarehe za karibu, kisha meli za kuhama za Oktoba. Hapo rudi kwenye kalenda, uhesabu siku upya.

Viza imekataliwa: usiombe tena kesho yake kwa karatasi zile zile. Soma sababu waliyoandika, na kama tarehe ya malipo ya mwisho haijafika, ghairi au sogeza safari. Mimi huwa naipigia kampuni siku hiyo hiyo kabla hata sijamwambia mwenyewe.

Mzee amekataa katakata dakika ya mwisho: hilo lilimpata mteja wangu wa Wete, na mzee mwenyewe yuko New Jersey na masanduku yameshafungwa. Muulize kwanza anachoogopa. Huyu aliogopa kulala peke yake. Binti yake akaingia chumba kile kile, kwa sababu kitanda cha pili kilikuwa kimeshalipiwa, wakaingiza jina lake na kulipa kodi za bandari na ada ya huduma tu.